Siku ya Upatanisho: Anza na Mpaka wa Shamba, Ndipo Ufunge

Kila Agosti inapokaribia kwisha, maswali huanza. Mama mmoja wa Kihonda, hapa Morogoro, hunishika mkono nje ya kanisa: "Mwaka huu tunafunga lini?" Kijana wa bodaboda pale Msamvu anataka kujua kama maji yanaruhusiwa. Kutoka Matombo huja ujumbe wa simu: jua likishajificha nyuma ya mlima, tumeshafungua au bado? Na lipo lile linaloulizwa kwa sauti ya chini, watu wengine wakishaondoka: "Nikifunga siku hiyo, yale niliyoyafanya yatafutika?"

Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja. Leo nawajibu wote kwa pamoja, nikianza na swali gumu.

Je, Mkristo analazimika kufunga siku hii?

Hapana. Walawi 16 na 23 ziliwapa Israeli siku ya kumi ya mwezi wa saba, kuhani mkuu aingie Patakatifu pa Patakatifu na damu. Waebrania sura ya 9 na ya 10 zinafundisha kwamba Kristo ameingia mara moja, na kazi hiyo haina marudio. Kwa hiyo mfungo wako haununui msamaha wala hauongezi chochote msalabani. Anayekuambia kwamba usipofunga dhambi zako za mwaka zitabaki, anakurudisha mahali ulikotolewa.

Makanisa mengi yaliyotuzunguka, Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana, hayana siku hii katika kalenda yao. Majira yao makubwa ya toba ni Kwaresima. Waadventista huifundisha sana, wakiihusisha na tarehe 22 Oktoba 1844, lakini hawaitunzi kama sikukuu ya kila mwaka. Wanaoifunga ni baadhi ya Wapentekoste, vikundi vya maombi vya majumbani, na ndugu wanaoshika sikukuu za Walawi 23. Warumi 14 inatosha kutupatanisha hapa: anayeiheshimu siku aiheshimu kwa Bwana, asiyeiheshimu asidharauliwe.

Mimi huifunga. Sababu yangu ni kwamba sijapata siku nyingine katika mwaka inayonilazimisha kufungua daftari la madeni yangu kwa watu, ukurasa kwa ukurasa. Nawe ukichagua kuifunga, yafuatayo ni ya kwako.

Tarehe na saa

Siku hii hufuata mwezi mwandamo, kwa hiyo huhama. Kwa kalenda ya Kiyahudi inayotumika leo:

- 2026: Jumapili 20 Septemba jioni hadi Jumatatu 21 Septemba jioni
- 2027: Jumapili 10 Oktoba jioni hadi Jumatatu 11 Oktoba jioni
- 2028: Ijumaa 29 Septemba jioni hadi Jumamosi 30 Septemba jioni

Vipo vikundi vinavyohesabu kwa kuutazama mwezi kwa macho, navyo vinaweza kupishana na tarehe hizi. Fuata hesabu ya ndugu unaofunga nao. Nimewahi kuona kikundi cha maombi kikigawanyika kwa sababu ya siku moja ya mwezi, watu wakaacha kusalimiana, na yote hayo kwa ajili ya Siku ya Upatanisho!

Sasa kuhusu saa. Walawi 23 inasema jioni hadi jioni. Kwa Morogoro, mwishoni mwa Septemba jua huzama kati ya saa 12:20 na 12:30 jioni. Makosa mawili hujirudia kila mwaka.

La kwanza ni daku. Tumeishi na majirani zetu Waislamu, tumezoea kuona mfungo unaoanza alfajiri, basi wengine huamka saa 10 usiku kula. Mfungo huu hauna daku. Chakula cha mwisho huliwa kabla jua halijazama, na ukishaanza, usiku ule mzima umo ndani yake.

La pili ni la ndugu zetu wa upande wa mashariki wa milima ya Uluguru: Matombo, Kinole, Tawa. Huko mlima hulimeza jua mapema, kivuli kinashuka mashambani na watoto wanaanza kuota moto, huku mtu wa Mgeta, upande wa pili, bado amekodoa macho kwa mwanga. Kivuli cha mlima si jioni. Tazama saa, au ngoja nyota. Wakati wa kuanza pia usidanganywe na kivuli hicho ukaacha kula saa 10 alasiri, ukaongeza masaa usiyoombwa.

Siku kumi kabla: kazi yenyewe iko hapa

Ukisoma sehemu moja tu ya makala hii, naomba iwe hii.

Mwaka mmoja nilifunga kavu, bila hata tone la maji. Nililia madhabahuni hadi sauti ikakauka. Na muda wote huo nilikuwa siongei na mdogo wangu, kwa sababu ya hatua nne za shamba la marehemu mama kule milimani. Hatua nne tu! Nilikuwa nimeusogeza mpaka msimu mmoja alipokuwa anaumwa, nikajiambia kwamba nasafisha. Nilifungua mfungo ule na uji, nikalala vizuri. Ilinichukua miezi mingi kuona kilichokuwa kibaya katika usingizi ule.

Walimu wa Kiyahudi waliokusanya Mishna karibu mwaka 200 BK walifundisha, katika sehemu iitwayo Yoma, kwamba siku hii hushughulika na makosa ya mtu kwa Mungu. Ya mtu kwa mwenzake haiyagusi mpaka mkosaji amwendee mwenzake na kumridhisha. Bwana Yesu, katika Mathayo 5, anamwambia mtu aiache sadaka yake madhabahuni aende kwanza kupatana na ndugu yake. Na katika Walawi 25, baragumu ya Yubile, mwaka wa 50, hupigwa siku hii hii ya Upatanisho, kila mtu arudi kwenye ardhi ya ukoo wake. Siku ya toba na siku ya kurudisha shamba ziliwekwa pamoja. Watu wa Uluguru tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengi, sisi ambao ardhi yetu ni ya ukoo wa mama, na mjomba na mpwa wanaweza kupitisha miaka bila kupeana mkono kwa ajili ya kipande kimoja cha mteremko.

Kwa hiyo zitumie siku kumi. Kwa mwaka 2026 zinaanzia Jumamosi tarehe 12 Septemba. Siku za wiki nitakazozitaja kuanzia hapa ni za mwaka huo.

*Siku ya kwanza na ya pili: andika.* Chukua karatasi, si simu. Andika majina. Usiandike "dhambi za ulimi". Andika ulimsema nani na mbele ya nani. Usiandike "tamaa", andika kiasi gani na cha nani. Pita maeneo haya:

- Mipaka ya shamba na kiwanja, miti ya mpaka iliyong'olewa, jiwe lililohama.
- Maji. Ninyi wa Mgeta mnajua: mfereji ukigeuzwa usiku, kabeji za jirani hukauka kwa siku chache.
- Fedha za kikoba, michango ya msiba, hela ya kanisa iliyopitia mkononi mwako.
- Mtu aliyekudhamini kwenye mkopo wa kausha damu ukamkimbia, au wewe ndiye uliyekopesha kwa riba hiyo.
- Mshahara wa kibarua au wa dada wa nyumbani uliokatwa au kucheleweshwa.
- Mtoto uliyemzaa nje usiyemhudumia.
- Uongo uliomfukuzisha mtu kazi, uchumba au kanisa.

*Siku ya tatu hadi ya nane: nenda.* Mtu mmoja kwa siku yatosha. Nenda kwa miguu yako ikiwezekana. Ujumbe wa simu uwe kwa aliye mbali tu, na hata huyo mpigie ili asikie sauti. Unapofika:

1. Sema ulichofanya kwa jina lake. "Nilichukua laki moja ya kikoba." Maneno kama "kama nilikukosea" yana mlango wa nyuma.
2. Usieleze sababu, hata kama zipo na ni za kweli.
3. Sema utakachorudisha na lini.
4. Nyamaza umsikilize. Anaweza kusema mambo makali, na ana haki.
5. Usimdai akusamehe papo hapo. Hana mfungo wa kuwahi. Wewe ndiye mwenye tarehe.

*Siku ya tisa: rudisha.* Walawi 6 inaagiza aliyedhulumu arudishe chote na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Hesabu ni nyepesi: uliyechukua 100,000 unarudisha 120,000. Zakayo, katika Luka 19, alijipangia mara nne. Sikuwekei sheria, lakini hiyo sehemu ya tano ina busara kubwa: inakiri kwamba mwenzako alikaa bila mali yake, na kukaa bila mali kuna gharama.

"Lakini..."

*Lakini yeye ndiye aliyeanza.* Inawezekana. Nenda na fungu lako tu. Ukifika ukaanza kumhesabia ya kwake, umekwenda kugombana.

*Lakini sina hela.* Mwambie kiasi unachodaiwa, andikeni mbele ya shahidi mmoja, panga malipo madogo na uyalipe. Elfu tano kila mwezi inayofika ni bora kuliko ahadi ya laki.

*Lakini amekufa.* Deni halikufa naye. Warithi wapo, katika koo zetu uliza kwa mjomba au dada mkubwa wa ukoo nani anashika fungu lake. Kama ni neno ulilomsema, lifute kwa wale uliowaambia.

*Lakini nikikiri ndoa yangu itavunjika.* Hapa nataka uende polepole. Usiropoke usiku wa kuamkia mfungo kwa sababu umejaa hisia za mahubiri. Zungumza kwanza na mchungaji, padre au mzee mwenye kifua, kwa faragha. Kama ulimweka mwenzako katika hatari ya ugonjwa, afya yake haingoji: nendeni mkapime. Mengine yapangiwe siku na namna ya kuyasema, na mtu wa kukaa nanyi baada ya hapo.

*Lakini amenikatalia.* Umefanya sehemu yako. Acha mlango wazi, lipa unachodaiwa, na usiende kumsema kanisani kuwa ana moyo mgumu.

*Lakini yule ndiye aliyenipiga, au aliyemharibu mtoto wangu. Nikapatane naye?* Hapana, na yeyote asikushinikize kwa jina la siku hii. Ukatili wa nyumbani na wa watoto ni kosa la jinai, na polisi wana dawati la jinsia na watoto kwa ajili hiyo. Nimeona wazee wakimkalisha mama na aliyemvunja mkono, wakawashikisha mikono, wakaomba, kesi ikaisha hapo. Upatanisho unaoficha jeraha haujapatanisha kitu. Kusamehe moyoni ni safari yako na Mungu, ina muda wake, na inaweza kwenda sambamba na kesi mahakamani.

Nani asifunge chakula

Watu huugua kwa sababu ya aibu, wanaogopa kuonekana hawana imani. Naomba viongozi wa vikundi waisome orodha hii kwa sauti Jumapili inayotangulia:

- Mwenye kisukari, hasa anayechoma insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari.
- Mjamzito na mama anayenyonyesha.
- Mwenye selimundu. Upungufu wa maji mwilini unaweza kuamsha maumivu makali.
- Mwenye vidonda vya tumbo, au ugonjwa wa figo au wa moyo.
- Anayetumia dawa za kifua kikuu au ARV asiruke dozi hata moja. Namna ya kuzimeza akifunga aulize kliniki yake.
- Mzee dhaifu na aliyetoka kuugua malaria.
- Mtoto. Mtoto afundishwe kuomba msamaha kwa mwenzake aliyempokonya mpira, halafu ale chakula chake.
- Yeyote ambaye amewahi kusumbuliwa na ugonjwa wa kujinyima kula.

Hawa wote wanaweza kuitunza siku. Wale chakula cha kawaida bila anasa, waache simu, redio na mazungumzo ya ovyo, watumie masaa yaleyale kuomba. Walawi inazungumzia kuitesa nafsi, na nafsi hunyenyekezwa kwa njia nyingi zaidi ya njaa. Nina rafiki mgonjwa wa sukari ambaye kila mwaka hutumia siku hii kutembelea watu aliowakwepa. Kwangu, huyo amefunga kuliko mimi.

Na jambo moja zito. Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, polisi walianza kufukua makaburi ya waumini waliokuwa wameambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Miili iliyopatikana ilizidi 400, na miongoni mwao walikuwamo watoto wengi. Hilo halikuanza na kifo. Lilianza na kiongozi ambaye neno lake halikuulizwa. Kwa hiyo, ondoka mara moja kwenye mfungo wowote ambao:

- hauna saa ya mwisho, au saa hiyo inasogezwa mbele kila ikikaribia;
- ndugu zako wa nyumbani wanakatazwa kujua uliko;
- unaambiwa uache dawa;
- watoto wanafungishwa;
- anayedhoofika anakatazwa kwenda hospitali.

Toa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa au polisi, hata kama kiongozi huyo ndiye aliyekubatiza.

Maji, kazi na mwili

Desturi ya Kiyahudi ni bila chakula wala maji. Maandiko ya Walawi hayakatazi kunywa maji. Ushauri wangu: kunywa maji. Kiangazi cha Morogoro mjini mwishoni mwa Septemba ni kikali, na mtu anayelima, anayepika au anayebeba mizigo sokoni hupoteza jasho jingi. Kufunga kavu ni kwa mwenye afya, anayekaa kivulini, asiye na kazi ya mwili siku hiyo.

Wewe wa bodaboda, nakuomba usifunge huku umebeba abiria. Kizunguzungu cha saa 9 alasiri kwenye barabara ya Dodoma kitamuumiza mtu asiye na habari na mfungo wako. Paki pikipiki kwa siku moja, au kula. Dereva wa basi na fundi wa juu ya paa, vivyo hivyo.

Mama lishe mara nyingi huniambia kwamba hawezi kufunga kazi, maana wateja ni wengi. Basi pika, na kunywa maji. Harufu ya vitunguu haivunji mfungo.

Siku tatu kabla, punguza chai ya rangi na kahawa kidogo kidogo. Kichwa kinachouma siku ya mfungo mara nyingi ni kahawa inayodaiwa, wala si vita vya kiroho. Jumapili kunywa maji tangu asubuhi. Chakula cha mwisho kiwe saa 11 jioni: ndizi za kupika, magimbi au wali na maharage, mboga, tunda. Punguza chumvi. Usile kama anayejaza ghala, utaamka usiku na kiu.

Acha mfungo papo hapo ukianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi, kuona giza, kuongea yasiyoeleweka, kutapika, au mkojo ukawa wa rangi ya chai. Mwenzako akiwa na dalili hizo na anaweza kumeza, mpe maji yenye sukari, umpeleke kituo cha afya. Asipoweza kumeza, usimmiminie kitu mdomoni. Mpeleke.

Ratiba ya siku

Hii ni kwa anayefunga nyumbani au na kikundi kidogo. Ibadilishe unavyohitaji.

- *Jumapili, saa 12 jioni.* Zima simu. Familia ikae pamoja. Kila mmoja amwombe mwenzake msamaha, kuanzia mkubwa. Baba aanze, naam, mbele ya watoto.
- *Usiku.* Walawi 16, kisha Waebrania 9. Lala mapema. Mkesha wa usiku kucha juu ya mfungo wa siku nzima ni mzigo ambao wengi hawaumudu, na huwaacha wamesinzia mchana kutwa.
- *Alfajiri.* Zaburi 51, polepole. Ile karatasi yako itoe. Taja mbele za Mungu kila jina, pamoja na yale ambayo hujaweza kuyafikia.
- *Asubuhi.* Isaya 58, sura inayosomwa pia katika masinagogi siku hii. Nabii anawaambia waliofunga huku wakiwabana vibarua wao kwamba mfungo huo haufiki juu. Isome ukiwa na daftari la mishahara.
- *Mchana.* Kama uko kazini, fanya kazi yako kwa uaminifu. Kumwibia mwajiri masaa kwa ajili ya maombi kutakuongezea jina jingine kwenye karatasi. Ruhusa iombwe wiki mbili kabla.
- *Alasiri.* Kitabu cha Yona chote, sura nne fupi. Wayahudi hukisoma alasiri hiyo. Mtu aliyekasirika kwa sababu Mungu amewasamehe adui zake atakusaidia kuiona hasira yako.
- *Jioni.* Waebrania 10. Malizia kwa shukrani. Msamaha umekwisha kutolewa; usiondoke hapo kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Unawe uso, jipake mafuta, vaa kawaida. Mathayo 6 iko wazi. Picha ya "nipo kwenye mfungo" usiiweke mtandaoni.

Mbuzi, mafuta na bahasha

Kila mwaka mtu huuliza kama tuchinje mbuzi mmoja na mwingine tumpeleke porini, kama Walawi 16. Usifanye hivyo. Sadaka ile imekwisha. Nami najua kwetu hatari iko wapi: mbuzi, mlima, msitu, maneno ya kutoa mikosi, na mara moja umeingia kwenye tambiko huku ukidhani uko kwenye Biblia. Wazee wetu walikwenda pangoni Kolelo kuomba mvua na mavuno. Siwatukani, walitafuta msaada mahali walipopajua. Wewe umeonyeshwa Kuhani asiyehitaji pango wala mnyama.

Vivyo hivyo na bahasha ya "sadaka ya Siku ya Upatanisho" inayoahidi baraka kadhaa kwa kiasi maalumu, au chupa ya mafuta inayouzwa kwa siku hiyo pekee. Kabla hujatia fedha humo, rudi kwenye orodha ya madeni yako. Fedha ya kibarua wako haiwezi kuwa sadaka yako.

Ukitaka kupanda mlimani kuomba

Naelewa. Ukisimama mjini ukautazama mlima Lupanga asubuhi, mita 2,138 juu, wingu limekaa begani, moyo wenyewe hupanda. Lakini kupanda na tumbo tupu kunadai akili.

- Sehemu kubwa ya juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Omba kibali, uende na mwenyeji anayejua njia.
- Kwa anayefunga, njia ya Morningside inatosha. Kilele cha Lupanga kiache kwa siku nyingine, ukiwa umekula.
- Panda Jumapili mchana kabla ya kuanza, au usipande kabisa. Kushuka gizani ukiwa na kizunguzungu ni hatari.
- Usiwashe moto wala mshumaa. Septemba nyasi zimekauka, na cheche moja huteketeza msitu unaolisha mito ya mji huu na Ruvu, ambayo Dar es Salaam inainywa.
- Usijisaidie karibu na kijito. Chini yako kuna watu wanachota.
- Beba maji, sweta na simu yenye chaji. Mwache mtu nyumbani anayejua mko wangapi na mtarudi lini.
- Spika ziache kanisani.

Kwa wengi wenu, chumba chenye mlango uliofungwa kinatosha.

Kufungua

Jumatatu, jua likishazama: maji ya uvuguvugu kwanza. Kisha papai au ndizi mbivu, na uji mwepesi. Ngoja nusu saa hadi saa moja ndipo ule chakula chenyewe, kidogo. Nyama ya kukaanga na pilipili ziache hadi kesho. Kila mwaka kuna mtu anayemaliza mfungo salama halafu anaumwa tumbo kwa sahani moja.

Kuleni pamoja ikiwezekana. Mwalike yule mliyepatana wiki hiyo. Kama bado ni mapema kwake kukaa mezani kwako, mpelekee bakuli nyumbani kwake, uache mlangoni, usingoje shukrani.

Halafu kuna Jumanne. Wengi hukunja karatasi yao wakaiweka ndani ya Biblia mpaka mwakani. Yangu ya mwaka uliofuata ule niliofunga kavu niliibeba hadi kwa mdogo wangu, asubuhi na mapema, kupanda kule milimani. Nilisema niliyoyafanya. Hakunikumbatia. Aliniangalia kwa muda, akauliza kama nimekuja na jembe. Sikuwa nalo, alinipa lake. Tulihesabu hatua pamoja, nikachimba, yeye akashika jiwe.

Wewe beba la kwako. Mvua za vuli zi karibu, na zikishaanza kila mtu atakuwa anapanda, mistari ya zamani itafutika. Jumanne tarehe 22 Septemba, kabla jua halijawa kali, nenda mpakani.